Mlango wa Mwisho Aufunge Rahila

Matrah, Maskati
14 Machi 1966

Mwanangu Kheiria,

Leo ni Jumatatu. Miaka miwili imeshapita tangu nitoke Unguja, na wa tatu umeingia bila ya kubisha hodi. Nilikusudia kukuandikia kwa upole, maana wewe ni binti wa marehemu rafiki yangu, na sauti yako nimeilea mwenyewe tangu ulipokuwa ukiimba umefumba macho kwa haya. Upole umenishinda.

Jana dukani kwa tajiri wangu alikuja Mahfoudh, muuza vitambaa. Katokea Mombasa, na kabla yake alipita Unguja. Kunishika mkono tu, akaanza:

"Hongera, Ami Harub! Nimeiona opera yako."

"Opera ipi?"

"Ya Rahila. Ule mlango, wallahi! Ulivyobamizwa, bwana mmoja mbele yangu kaangusha kofia."

"Mlango gani? Opera yangu haina mlango unaobamizwa."

"Basi walioubamiza wameuleta kwao," akacheka, akaomba kahawa.

Nikamkalisha, nikamhoji kama kadhi. Kaniambia kwamba Bakhit anarudi safari, anabisha, anaimba, na Rahila anachungulia, anamtazama, kisha anaufunga mlango usoni pake. Taa zinazimwa. Watu wanasimama na kushangilia.

Kheiria, opera hii mimi ndiye niliyeitunga. Nilipokwenda Misri kijana kujifunza kupiga kanuni, nilikaa kiti cha juu kabisa cha jumba lao la opera, mahali ambapo waimbaji unawaona utosi tu, na nikajiapia kwamba ipo siku kisa kizima kitaimbwa kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, pasiwe na neno la kusemwa. Nilitunga mbili ndogo, nazo watu wakaniuliza kama ni taarabu au ni maigizo. Hii ya tatu ndiyo niliyoitaka, na ndiyo ya mwisho, kwani umri hauniruhusu nyingine. Rahila anaachwa na mumewe Bakhit, aliyekwenda kutafuta riziki ng'ambo. Milango mitatu ya kwanza niliikamilisha, na wewe ulikuwa unajifunza Rahila. Wa nne, ambamo Bakhit anarudi, nilikuachia ukurasa mmoja tu pale nilipotoka kwa haraka unayoijua. Na kisa chote, tangu sauti ya kwanza ya fidla, kinakwenda kwenye jambo moja: Rahila amfungulie. Wote wawili waimbe pamoja, mara moja tu katika opera nzima. Hiyo ndiyo sababu ya kuitunga.

Nani kakupeni ruhusa ya kuimaliza kazi ya mtu aliye hai? Na nani kasema imalizwe kwa kumfungia mtu nje?

Ishaq mumeo hajambo. Yuko Qurayyat kwa kazi. Ruhusa yako ya kuingia nchi bado haijatoka. Unajua hapa ruhusa ya mtu kuingia ni jambo la kusubiri.

Ami yako,
Harub bin Khelef


Malindi, Unguja
2 Mei 1966

Ami Harub,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa watu wa Mombasa, na gundi yake ilikuwa ya mara mbili, kwa hiyo ujue kuwa wapo wengine waliosoma hasira zako kabla yangu.

Umeniuliza nani katoa ruhusa. Klabu yetu siku hizi iko chini ya kamati. Kamati ilitaka kitu kikubwa cha kuonyesha, nami nikawaambia kuwa tunacho. Tungekaa kimya, karatasi zako zingeliwa na mende juu ya kabati, pamoja na kanuni yako, ambayo nnaipangusa vumbi kila Ijumaa.

Umeniuliza nani kasema mlango ufungwe. Umesema wewe. Ukurasa ninao mbele yangu, kwa mkono wako, kwa herufi zako za Kiarabu zilizolala ubavu: "Mlango wa mwisho aufunge Rahila." Basi kaufunga. Tuliazima mlango wa kweli kwa fundi seremala, wa mbao nzito, ukasimamishwa kwa magogo.

Ungekuwapo ungecheka. Mzee Hamdani ndiye aliyekuwa Bakhit. Usiku wa kwanza hakuwahi kuondoa kidole mlangoni. Akapiga ukelele ambao hukuuandika katika nota, na wapiga fidla wakadhani ndio mwisho wenyewe, wakamfuata kwa sauti ile ile. Wanawake wakapiga vigelegele. Kesho yake watu walirudi wakitaka ukelele.

Kamati imefurahi. Mwenyekiti alisimama akasema kuwa Bakhit ni mfano wa mabwana waliokimbia, na mlango ule ni mlango wa nchi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nnavua viatu.

Mwambie Ishaq aandike mwenyewe. Mikono yake imevunjika? Mpiga fidla mikono ikivunjika ni msiba, na msiba huwa tunaarifiana.

Mwanao,
Kheiria


Matrah
30 Juni 1966

Bi. Kheiria,

Mlango! Nimeusoma mstari ule mpaka karani mwenzangu kaniuliza kama nimefiwa.

Tangu lini hujui kusoma? Mlango wa kwanza, mlango wa pili, mlango wa tatu: ndivyo nilivyoigawa opera, kama vitabu vya wazee wetu vilivyogawanywa. Mlango wa kitabu! Kuufunga mlango ni kuumaliza. Nilipoandika kuwa mlango wa mwisho aufunge Rahila, nilikusudia kwamba sauti ya mwisho kusikika iwe ya Rahila, si ya Bakhit wala ya kundi. Tazama mwisho wa mlango wa kwanza. Nimeandika: "Mlango huu aufunge Bakhit." Bakhit yuko wapi pale? Yuko chomboni, keshang'oa nanga! Alifunga mlango gani, wa bahari? Mbona naye hamkumwazimia mlango kwa seremala?

Na huyo mwenyekiti wenu, aliyegeuza kosa la kusoma likawa amri ya serikali! Ati mlango wa nchi. Mimi nilimtunga Bakhit mwaka ambao mwenyekiti wenu alikuwa hajui opera ni chakula au ni ugonjwa. Sasa jina langu liko juu ya tangazo, na chini yake watu wanashangilia mtu kufungiwa nje, na mtu huyo ni mimi. Wamenifanya nijifukuze kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa sauti niliyoifundisha mimi!

Jambo moja kati ya mawili. Ama jina langu mliondoe, ama mwisho wangu mrudishe.

Mlango wa nne nnauandika. Usidhani ni wepesi. Huku ala ya muziki haipigwi ikasikika njiani. Sina hata udi. Nnagonga kwa kidole juu ya sanduku la nguo na nnaimba midomo imefungwa, na mwenye nyumba anadhani nna maradhi ya meno. Juzi kaniletea karafuu. Wakati wa kubisha hodi Bakhit nimeupata. Wimbo wake nimeupata. Kilichobaki ni wa Rahila, pale anapofungua. Nitakuletea, na utauimba kama ulivyoandikwa.

Ishaq anakusalimu.

Harub bin Khelef


Malindi, Unguja
19 Februari 1967

Ami Harub,

Shikamoo. Nimekuwa "Bi. Kheiria", nnaona. Hata mwenyekiti haniiti hivyo.

Wimbo wa Rahila umefika. Ni mzuri. Nisingesema uongo katika jambo hilo hata ukanitukana. Tumeufanyia mazoezi faragha, mimi na mpiga kanuni na Mzee Hamdani, ambaye siku hizi anaweka mikono mfukoni kila akiukaribia mlango.

Hauimbiki, Ami. Si kwa koo. Koo langu zima. Mpaka Bakhit anapomaliza wimbo wake, nnamfahamu Rahila. Kakaa miaka. Kauza bangili. Kazika mama yake peke yake, mlango wa tatu umeutunga vizuri mno, watu wanalia. Kisha huyu mtu anabisha hodi, na wewe umeandika: sauti ipande polepole, afungue. Hukuandika sababu. Bakhit katika wimbo wake anataja bahari, anataja nyota, anataja mnazi wa uani. Hasemi alikuwa wapi na alikuwa na nani. Rahila naye hamuulizi. Mwanamke gani wa Unguja asiyeuliza hivyo?

Mzee Hamdani kasema: "Amfungulie kwa sababu mimi nimechoka kusimama nje." Hiyo ndiyo sababu pekee tuliyoipata.

Niandikie sababu yake, nitaimba.

Na Ishaq yuko Qurayyat kwa kazi ya nini? Huko nasikia ni kwa wavuvi na mitende. Wanahitaji mpiga fidla?

Kheiria


Matrah
11 Mei 1967

Bi. Kheiria,

Nimefundisha waimbaji tangu kabla hujazaliwa, na sikupata kuona mwimbaji anayedai sababu. Mpiga ngoma huuliza sababu ya kupiga? Rahila anafungua kwa sababu ni mumewe. Anafungua kwa sababu nyumba ni yake. Anafungua kwa sababu mtu akibisha hodi kwa adabu, Mswahili hufungua! Tangu lini watu wetu wakawa na haja ya kuandikiwa hilo?

Wewe hujui kubisha ni nini. Hapa Maskati, ukishalia mzinga wa usiku, lango la mji linafungwa, na aliye nje ni wa nje. Mchana tunapita wazi, na bado ni wa nje. Dukani wananiita Zinjibari, na huko kwenu nilikuwa nikiitwa Mmanga, na babu wa babu yangu kazikwa hapo hapo Malindi, hatua chache kutoka unapolala. Nikisema Kiarabu wanacheka, wanasema nakiimba. Niachie basi mlango mmoja duniani, ulio wa karatasi, unaofunguliwa.

Usiniulize tena sababu. Imba.

Khabari za Ishaq ni zile zile. Ruhusa bado.

H. bin Khelef


Malindi, Unguja
7 Januari 1969

Ami Harub,

Sikukuandikia karibu miaka miwili. Barua zako tatu nimezipata, nazo zote ni matusi na nota, na nota ni nzuri kuliko matusi. Sasa nisikilize, maana barua hii inakuja kwa mkono wa Hamdiya, binti wa mamangu mdogo, na hakuna wa kuifungua njiani.

Hamdiya huyu ndiye aliyepita huko kwenu mwaka 1965, pamoja na mumewe, akarudi na khabari. Ishaq alioa Qurayyat. Watoto wake sasa nasikia ni wawili. Ruhusa yangu haikukataliwa na mtu yeyote, kwa sababu hapana aliyeiomba. Na nikaha ilifungwa kwa mwanamke wa watu walio na mitende, na upande wa bwana harusi alikaa Ami Harub bin Khelef, katika kanzu nyeupe, akala halua.

Nilikuwa nikikuuliza khabari zake kila barua, nawe ukijibu hajambo, anakusalimu, yuko kazini. Sikuuliza kwa kutaka khabari. Nilitaka kuona barua gani utasema.

Hukusema.

Mwezi kabla ya onyesho la kwanza, kadhi aliivunja ndoa yangu, kwa kuwa mume hayupo na hana alichokiacha. Nikarudi nyumbani nikachukua karatasi zako kujifunza mlango wa nne. Nikaukuta ule mstari.

Ami, wewe unadhani sijui kusoma? Nimekuimbia tangu utotoni. Najua unavyoandika herufi ya sini, najua wino wako unapokwisha, na najua kuwa mlango kwako ni mlango wa kitabu. Nilijua siku ile ile. Nikawaambia wenzangu: "Ami Harub kaandika Rahila aufunge mlango. Tafuteni mlango." Sikusema uongo hata neno moja.

Kamati walipiga makofi kwa sababu zao. Wanawake walipiga vigelegele kwa sababu zao, na waliokuwa mle ukumbini, wengi wao nawajua, na nawajua waume wao walivyotoka. Mimi niliufunga kwa sababu yangu. Umesema wamekufungia wewe. Hukuwa wewe mlangoni, Ami. Lakini ukiona ulikuwapo pale, nyuma yake, umemshikia mizigo, basi hilo wewe ndiye unayelijua.

Hasira zako nimezivumilia kwa kuwa wewe ndiye uliyenipa sauti. Sasa nami nimekasirika, na sauti ni hiyo hiyo.

Jina lako sikulitoa, na sitolitoa. Opera ni yako. Bado unataka Rahila afungue? Njoo Unguja, simama mbele ya kundi, tufundishe mwenyewe, na sababu uniambie ana kwa ana. Kanuni yako iko juu ya kabati.

Kheiria


Matrah
26 Septemba 1970

Mwanangu Kheiria,

Barua yako ya mwaka jana niliisoma, nikaiweka, nikakasirika nayo kwa muda mrefu. Nilikuandikia majibu mengi. Katika moja nilikutajia hadhi ya mwalimu, katika jingine nilikutajia desturi za wanaume na mambo ya nikaha. Yote nimeyachana. Sikuhifadhi hata moja.

Nilikaa katika nikaha ile. Halua nilikula. Ishaq alinambia, "Ami, usimuandikie, utamuumiza," nami nikaona hiyo ni huruma. Huruma kubwa, ya wanaume wawili wameshiba, juu ya mkeka.

Sasa khabari za huku. Tangu mwezi wa Julai, aliposhika Sultani mpya, nchi imegeuka. Lango halifungwi tena usiku. Taa ya kubeba mkononi, iliyokuwa lazima kwa atembeaye usiku, hakuna anayekuuliza. Watu wetu wanaingia kwa makundi, waliokuwa Misri, waliokuwa Kuwaiti, na waliotoka huko kwenu, na wote wanasema Kiswahili sokoni kwa sauti ya juu kama waliokuwa wamezibwa midomo. Nimenunua udi. Jana nikaupiga dirisha likiwa wazi, na mwenye nyumba akaja mbio kuuliza meno yangu yamepona lini.

Kila anayenishika mkono ananambia: "Ami Harub, milango imefunguliwa!" Wa huku wanasema nimefika nyumbani, ati nisahau Unguja. Na wengine wanasema huko nako mambo yatalainika, nirudi, nikaimalize opera yangu. Nimeghadhibika na wote. Wanasema milango imefunguliwa kama kwamba aliye ndani hana kauli. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama aliye ndani anataka kufungua.

Hilo ni lako, nnalijua. Nimelipata kwako.

Nilianza kuandika sababu. Nilimpa Bakhit wimbo mpya, akasema alikuwa wapi. Alipoanza kusema alikuwa wapi, sauti haikupanda. Nilimpa mwengine, akaomba radhi, na ukawa mrefu, na radhi ndefu nyimboni ni kelele. Nikamwondolea bahari, nikamwondolea nyota na ule mnazi wa uani. Kilichobaki ni mtu amesimama nje ya nyumba ambayo hakuiuguza, hakuizika maiti yake, wala hakuuza bangili kwa ajili yake, anabisha kwa adabu. Nimekaa naye mwaka mzima pale nje. Sababu ya kufunguliwa sikumpatia.

Basi wimbo wa Bakhit wa mlango wa nne nimeufuta wote. Wa Rahila, ule wa kufungua, uuchane. Usiimbwe hata faragha. Abishe mara tatu, kanuni peke yake ijibu, na Rahila afanye unavyofanya. Opera haikwisha, na isemwe hivyo juu ya tangazo: kazi ya Harub bin Khelef, haikwisha. Mwenyekiti akitaka kuipa maana, mwambie mtunzi yu hai na hana maana ya kumgaia.

Na pasije pakawa na kosa tena la kusoma, hili nnaliandika kwa herufi zilizosimama. Mlango wa mwisho aufunge Rahila. Nnaposema mlango nnakusudia mbao, bawaba na komeo. Mzee Hamdani atoe vidole.

Kanuni usiniletee. Nyuzi za juu zitakuwa zimekufa; badilisha, uipige mwenyewe, au mpe msichana mwenye masikio.

Umeniambia nije nisimame mbele ya kundi.

Sitorudi.

Ami yako,
Harub bin Khelef